Nimeshtakiwa kosa dogo: nikiri yaishe, nikane, au nimtafute mlalamikaji tuelewane?

MpitaNjia_82

Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri wa haraka, Jumatatu nasomewa mashtaka.

Wiki iliyopita nilizozana na kijana mmoja kuhusu nafasi ya kuegesha gari. Akatoa simu akaanza kunirekodi, kaisogeza mpaka karibu na pua. Nikausukuma mkono wake, simu ikadondoka, kioo kikapasuka. Akaenda kituoni, nikaitwa, nikaandika maelezo, nikatoka kwa dhamana. Hati ya mashtaka ina makosa mawili: shambulio la kawaida, na kuharibu mali kwa makusudi. Sijawahi kukanyaga mahakamani hata kama shahidi.

Kila ninayemuuliza ana lake. Shemeji anasema nikiri siku hiyo hiyo, nilipe faini, nirudi kazini, maana ukikana utapigwa kalenda mpaka uchakae. Rafiki yangu anasema kana kila kitu, kazi ya kuthibitisha ni yao. Mama anasema nimfuate yule kijana nimlipe kioo chake, yaishe kiutu uzima. Wakili niliyempigia ametaja ada inayozidi bei ya simu yenyewe. Nyie mngefanyaje?

Bi_Subira

Pole sana mdogo wangu. Kabla hatujaanza kukuvuta huku na huku, jibu hili: kazi unayofanya, au unayoitafuta, wanaulizia rekodi? Una mpango wa kuomba viza? Una leseni yoyote ya kazi? Kosa dogo kwa mtu mmoja si dogo kwa mwingine.

MpitaNjia_82

Nipo ghalani kwa sasa dada, ila nimeomba kazi kampuni ya usafirishaji. Fomu yao ina swali: “Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote?” Nililijaza “hapana” mwezi uliopita.

Bi_Subira

Basi shemeji yako anakupa ushauri wa Jumatatu tu. Hajafikiria Jumanne.

FastaFasta

Mimi nitamtetea shemeji kidogo. Nilishawahi kukiri na sijutii. Nilivunja kioo cha mlango usiku nikiwa nimelewa, watu sita waliniona, kamera ilinichukua sura nzima. Ningekana nini? Nilikiri siku ya kwanza, nikaomba radhi, nikaonyesha risiti ya kioo nilichokwisha kulipia, nikasema sina rekodi. Nikaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda uliotajwa. Saa sita mchana nilikuwa nyumbani.

Na kukiri mapema kuna bei yake mahakamani. England na Wales kuna mwongozo unaotumika tangu 2017: ukikiri kwenye hatua ya kwanza unaweza kupunguziwa adhabu hadi theluthi moja, ukingoja hadi siku kesi inaanza kusikilizwa punguzo linabaki sehemu moja ya kumi. Kwingine hakuna hesabu iliyoandikwa hivyo, lakini mahakimu wengi huihesabu kichwani. Kwa hiyo tusiseme kukiri ni ujinga. Ni ujinga pale ambapo hukufanya.

Karani_Mstaafu

FastaFasta kasema vizuri, hasa hiyo sentensi ya mwisho. Nimekaa mbele ya meza ya hakimu miaka mingi nikiita majalada, kwa hiyo acha nikueleze dakika zenyewe zilivyo. Watu hubishania kukiri na kukana bila kujua pale mbele kunatokea nini.

Utaitwa jina, utapanda kizimbani. Shtaka la kwanza litasomwa, tena harakaharaka, na mtu ambaye asubuhi hiyo ameshasoma mengine kumi na tano. Utaulizwa: ni kweli au si kweli? Na wengi hapo hujibu sentensi ileile, nimeiandika mara nisizoweza kuhesabu: “Ni kweli mheshimiwa, lakini…”

Kesi yote imejificha nyuma ya hiyo “lakini”. Hebu lisome tena shtaka lako la pili. Halisemi ulivunja simu. Linasema uliharibu mali *kwa makusudi*. Ukijibu “ni kweli ilivunjika ila sikukusudia”, hapo hujakiri, umekana, na hakimu makini ataandika hivyo. Aliyechoka anaweza kuandika “ni kweli” akageuza ukurasa. Afrika Mashariki jambo hili lina kesi yake inayotajwa mpaka leo, Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Iliweka utaratibu: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, upande wa mashtaka usimulie jinsi tukio lilivyokuwa, mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga maelezo hayo au kuongeza lake. Akiyapinga, ile “ni kweli” inafutwa, inaandikwa kwamba amekana.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu ukishakiri sawasawa, rufaa inabaki tundu la sindano. Kenya na Tanzania zote, aliyekiri anaruhusiwa kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Hatia yenyewe haigusi, labda aonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata.

Halafu kila shtaka linajibiwa peke yake. Si lazima ukiri yote au ukane yote. Na kama Jumatatu bado hujaelewa, sema: “Mheshimiwa, naomba muda nipate ushauri wa wakili kabla sijajibu.” Maneno hayo hayajawahi kumfunga mtu.

MpitaNjia_82

Karani, ubarikiwe mzee wangu. Hilo neno “makusudi” nililipita kama silioni. Na kuna kitu sikukiandika polisi: simu ilikuwa karibu kunigusa uso. Nilichofanya ni kuisukumia mbali.

Karani_Mstaafu

Unaona sasa? Hata hilo shambulio lina mjadala. Kulikuwa na nani pale?

MpitaNjia_82

Mlinzi wa jengo, na nadhani kuna kamera juu ya geti.

MwanasheriaKijana

Acha kila kitu ukaombe hiyo video leo. Usingoje Jumatatu. Kamera nyingi hujirekodi juu ya picha za zamani, nyingine baada ya siku chache tu. Andika barua fupi kwa mwenye jengo: tarehe, saa, geti lipi, na kwamba inahitajika kwa ajili ya kesi. Wakikataa kukupa, waombe angalau waihifadhi, mahakama itaweza kuagiza iletwe. Na hiyo simu ya mlalamikaji ilikuwa inarekodi, sivyo? Basi nayo ni ushahidi, na huenda ikakufaa wewe kuliko yeye.

Usiku wa leo andika pia mtiririko mzima wa tukio kwa mkono wako, ukiwa bado unakumbuka nani alisema nini. Hiyo karatasi ni ya wakili wako. Usimtumie mtu kwenye kundi, usiibandike humu. Na kama kuna mahali umeshaandika mtandaoni kuhusu huyo kijana, usiongeze neno, wala usianze kufuta baada ya kushtakiwa, itaonekana unaficha ushahidi. Ongea na wakili kwanza.

Sasa kuhusu ada. Watu wengi hudhani wakili ni kumchukua mzimamzima au kumwacha. Unaweza kumlipa kwa kikao kimoja tu: umpelekee hati ya mashtaka, akufungulie kifungu ulichoshtakiwa nacho, akuambie adhabu yake ya juu kabisa na mahakama kama hiyo hutoa nini kwa mkosaji wa kwanza. Saa moja. Ukiwa huna kabisa, uliza msaada wa kisheria. Kenya ina sheria yake ya 2016, Tanzania ya 2017, na nchi nyingi zina wakili wa zamu pale pale mahakamani kwa wanaosomewa mashtaka siku hiyo. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1972 katika kesi ya Argersinger kwamba hata kwa kosa dogo, asiye na uwezo hawezi kufungwa jela kama hakupewa wakili wala hakumkataa mwenyewe.

Mkorofi_Mstaarabu

Mngeegesha mbali mkatembea kwa miguu haya yote yasingekuwepo 😂

Bi_Subira

Wewe kaa kimya, mwenzio yuko kwenye moto.

MamaWaTarehe

Naomba niongee kama mtu aliyekana, maana humu mnalisifia kukana bila kusema linavyouma.

Nilishtakiwa kwa lugha ya matusi, jirani alidai nilimtukana mlangoni kwake. Nilikana, na sikutukana kweli. Ilinichukua tarehe saba. Mjue kwanza tofauti ya kesi *kutajwa* na kesi *kusikilizwa*. Siku ya kutajwa unakwenda, unaitwa, unasema “nipo”, unapewa tarehe nyingine, unarudi. Dakika mbili kizimbani, saa tano kwenye benchi la nje. Siku ya kusikilizwa ndiyo mashahidi wanasimama. Mara tatu nilipangiwa kusikilizwa, mara tatu shahidi hakuja. Siku za likizo zangu ziliishia pale. Mwishoni jirani mwenyewe alichoka, kesi ikaondolewa.

Na usikose hata tarehe moja. Mwenzetu mmoja alidhani kutajwa si lazima, akaenda msibani bila kumtaarifu mtu. Jioni kulikuwa na hati ya kumkamata na mdhamini wake anaitwa ajieleze. Ukiumwa au ukifiwa, tuma mdhamini na karatasi, afike kabla jina halijaitwa.

Mambo madogo: fika mapema, kwa sababu chumba kinaweza kubadilishwa na karatasi ikabandikwa kwenye mlango mwingine kabisa. Mimi nilikaa nje ya chumba namba mbili mpaka saa nne, jina langu limeshaitwa chumba namba tano. Nilikimbia na kiatu kimoja mkononi. Zima simu, si kuitoa sauti, izime. Beba daftari, andika namba ya kesi juu kabisa, maana karani anatafuta namba, sura yako haimsaidii.

Ningeulizwa leo kama ningekana tena, ningekana. Lakini ningejipanga na kazini kwanza.

FastaFasta

Tarehe saba mama! Hapo ndipo shemeji mtu anapata hoja.

MamaWaTarehe

Anapata, sikatai. Ndiyo maana nimeziandika zote saba.

Rekodi_Yangu

Mimi ni upande wa pili wa FastaFasta. Nilikiri, na najuta. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, niliokota pochi nikachelewa kuirudisha, mwenyewe akanikuta nayo. Afisa mmoja akaniambia “kiri tu kijana, faini ndogo, hakuna anayekumbuka”. Faini ilikuwa ndogo kweli. Ila kosa lililoandikwa ni *wizi*. Miaka minane baadaye ninajaza fomu ya viza, swali la hatia lipo, nimekaa nalitazama. Ukisema hapana unadanganya, na uongo ndio unaokuzibia njia moja kwa moja. Nilisema ndiyo, nikaambatisha nakala ya hukumu. Nilikataliwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu: usiulize tu “nitalipa shilingi ngapi”, uliza “kosa litaandikwa jina gani”. Kuharibu mali kwa makusudi likisomwa na mwajiri halisikiki kama ugomvi wa maegesho.

MwanasheriaKijana

Rekodi_Yangu amegusa penyewe. Kwa asiye raia wa nchi anamoishi ni zaidi ya aibu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Padilla, ilisema wakili analazimika kumweleza mteja wake kama kukiri kutamweka kwenye hatari ya kufukuzwa nchini. Kama upo ugenini na umeshtakiwa, hilo liwe swali lako la kwanza kwa wakili.

Na walioko Ujerumani wajue jambo jingine. Kule kosa dogo linaweza kukujia kwa posta, karatasi inayoitwa *Strafbefehl*, adhabu imeshaandikwa. Una wiki mbili za kupinga kuanzia unapokabidhiwa. Ukiiweka juu ya friji ukisema nitaisoma, baada ya hapo inakuwa hukumu kamili. Nimeona watu wakidhani ni bili.

MpitaNjia_82

Wakuu, jambo jipya. Yule kijana kanipigia saa nne usiku. Anataka nimlipe mara tatu ya bei ya simu ndipo “aifute kesi”. Anasema nitume usiku huu huu. Mama anasema nitume tulale.

Karani_Mstaafu

Usitume kitu! Na usibishane naye. Mwambie kwa upole kwamba utawasiliana naye kupitia wakili, kata simu, andika saa aliyopiga. Ujumbe wake wa maandishi uhifadhi.

MwanasheriaKijana

Kwanza, hana uwezo wa kuifuta. Ikishafika mahakamani kesi ni ya Jamhuri, au ya serikali huko uliko, yeye ni shahidi. Anaweza kusema hataki kuendelea, lakini anayeamua ni upande wa mashtaka na mahakama. Pili, wewe kumtafuta shahidi usiku na pesa mkononi, hata kwa nia njema ya mama, kunaweza kuandikwa kuwa unavuruga ushahidi, na kama dhamana yako ina sharti la kutomkaribia unaweza kuipoteza. Tatu, ukilipa bila maandishi, Jumatatu atakuja kusema hajaona hata senti.

Haina maana kwamba wazo la mama ni baya. Kwa kosa la aina hii ndilo ningeanza nalo, ila kwa mlango wa mbele. Kenya, kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza mapatano kwa shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito, kwa fidia au masharti itakayoyakubali, kisha isimamishe au imalize kesi. Tanzania nayo ina kifungu kinachofanana. Unasimama unasema: “Mheshimiwa, nakana shtaka, lakini niko tayari kwa mapatano.” Unaona? Kukana na suluhu havigombani. Shemeji, rafiki na mama wamekupa njia tatu kana kwamba ukishika moja unazitupa nyingine.

Kiasi kiwe cha risiti ya fundi, si cha hasira. Yaandikwe, yasainiwe, yasomwe mbele ya hakimu. Na maandishi yasiseme unakiri kosa, yaseme unachangia matengenezo ya simu.

Bi_Subira

Mama mtu mwambie asihangaike, wazo lake limepita, limebadilishwa njia tu.

MpitaNjia_82

Wakuu, mrejesho. Samahani nimechelewa, nilitaka mambo yatulie kwanza.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu. Nilimlipa wakili kwa kikao kimoja Ijumaa, alinisaidia zaidi ya nilivyodhani. Kizimbani miguu ilikuwa inatetemeka mpaka nikashika ule ubao wa mbele. Shtaka la pili liliposomwa nilikaribia kusema “ni kweli lakini”, mdomo ulishafunguka. Nikamkumbuka Karani. Nikasema “si kweli mheshimiwa” kwa yote mawili, kisha nikasema kuhusu mapatano. Mwendesha mashtaka akasema hana pingamizi, tukapewa wiki mbili.

Video ya geti waliikuta, imebaki siku mbili ifutike. Inaonyesha simu ilivyokuwa imeniziba uso. Sijui kama ndiyo iliyompoza, lakini tarehe ya pili yule kijana alikuja na risiti ya fundi, kioo tu. Nimelipa mbele ya karani, tumesaini, hakimu amesoma. Tulipotoka nje akanisalimia kwa mkono, hata sikujua niseme nini.

FastaFasta

Hongera mkuu. Mwambie shemeji salamu.

Karani_Mstaafu

Hongera. Lakini jalada lako limefungwa kwa maneno gani? Kesi “kuondolewa” na upande wa mashtaka kabla hujajitetea si sawa na “kuachiwa huru”. Ikiondolewa tu, sheria za nchi nyingi zinaruhusu ushtakiwe upya kwa jambo lilelile. Ikimalizwa kwa mapatano yaliyokubaliwa na mahakama, hapo una kitu cha kushika. Watu hutoka wakishangilia, hawaulizi, miaka mitatu baadaye fomu inawadai karatasi na jalada liko stoo.

MpitaNjia_82

Sikuuliza mzee. Nilisikia “kesi imekwisha” nikaondoka.

Karani_Mstaafu

Rudi masjala na namba ya kesi, omba nakala ya amri iliyogongwa muhuri. Chukua mbili.

MpitaNjia_82

Nimetoka huko sasa hivi. Wamesema nakala itakuwa tayari Alhamisi.